London hadi Johannesburg kwa Ndege



Kutoka London mpaka Johannesburg, kwa njia iliyo fupi kupita zote, ni yapata maili 5,600. Mwaka 1932, ndege za abiria kutoka Uingereza hadi Afrika ya Kusini zilichukua zaidi ya juma zima.

Tarehe 2 Mei 1952 eropleni iitwayo Comet, ya kwanza duniani kuchukua abiria wa kulipa kwa nguvu za jeti, iliondoka London. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Watu walistaajabu mno.

Lakini tarehe 10 Januari 1954 eropleni ile ile ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35. Mwezi wa Aprili Comet nyingine ikaanguka baharini kusini ya Naples, wakafa 21. Ndipo Comet zote zikazuiwa kuruka.

Mafundi wakatia Comet moja katika tangi la maji, wakasukuma maji ndani yake kwa nguvu na kuyalegeza, tena na tena, hata ubavu ukapasuka. Wakatambua ya kuwa bati huchoka, kama waya ukunjwao na kukunjuliwa mpaka ukakatika.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndege zilizofuata zilijengwa imara zaidi. Siku hizi safari hiyo ni saa 11 hivi, bila kutua njiani. Abiria alalaye London akaamkia Johannesburg na akumbuke ya kuwa usalama wake ulinunuliwa kwa bei ghali.