Kivinjari Kinapobadilika, Fomu Ipimwe



Mkazi aombaye leseni ya biashara kwa simu huifikia halmashauri kupitia kivinjari, na kivinjari hakitulii. Mwaka 2021 Chrome ilipunguza muda baina ya matoleo makuu kutoka wiki 6 hadi 4, nayo hujisasisha bila kubisha hodi.

Maafisa wa TEHAMA hupima fomu kwa programu inayobofya vitufe badala ya mtu. Programu hiyo hukiongoza kivinjari kwa kiendeshi, ambacho namba yake kuu sharti ilingane na ya kivinjari. Chrome ikipanda toleo peke yake, kipimo hukwama ilhali fomu ni nzima. Hali hiyo ikizoeleka, kasoro ya kweli nayo hupuuzwa, na aumiaye ni mwombaji ambaye kitufe cha malipo hakimwitikii.

Dawa ipo. Tangu 2023 Google hutoa Chrome for Testing, isiyojisasisha, na kiendeshi cha namba ileile. Selenium nayo, kuanzia toleo 4.6, hujitafutia kiendeshi. Lakini kung'ang'ania toleo moja daima ni kupima kivinjari ambacho wakazi wengi wamekwisha kukiacha. Yafaa kupima lililo mikononi mwa watu leo pamoja na la beta, litakalowafikia wiki chache zijazo. Wenye simu kongwe, zisizopokea tena matoleo mapya, nao wana haki ya toleo lao kupimwa.