Moto Bukavu: mipira ya maji ikubaliane kwanza



Wote tunajua namna moto unatembea Kadutu. Nyumba za mbao zimebanana, manjanja inagusa manjanja ya jirani, na gari la wazima moto linabaki kwenye barabara kubwa. Vijana njo wanakimbia na bidoni. Na ziwa Kivu tunaliona pale chini, maji mengi vile!

Lakini pampu haiwezi kuvuta maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 10. Kuyapandisha Kadutu kunaomba pampu ndogo kadhaa, moja inasukumia ingine, na mipira mirefu. Timu moja haitoshi. Inaomba watu wa Ibanda, Kadutu na Bagira waungane, na vichwa vya mipira yao viingiane. Mwaka 1904, Baltimore kule Marekani, wazima moto wa miji jirani walikuja kusaidia, mipira ikakataa kuingia kwenye mabomba ya mji. Majengo zaidi ya 1,500 yaliungua.

Kwa hiyo, mbele ya gari jipya la kukatiwa utepe (hatulikatai!), tunaomba vichwa vya aina moja, namba moja ya simu, ruhusa ya kuvuka komini bila kungoja barua, na mazoezi kila mwezi kwenye mteremko wenyewe, pamoja na vijana wa avenyi.

Juma hii tunapeleka barua kwa meya. Kama avenyi yako gari haiingii, tuandikie jina yake. Tutaiweka ndani.