Ngazi za Ukuaji wa Mtoto: Tunaanza Mapema, Tunaacha Mapema

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi na walezi wa wanafunzi wa madrasa, Kariakoo, Ilala)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.



Kila mwaka napokea watoto wa miaka mitatu, wanaletwa wakilia, na swali la kwanza ninaloulizwa ni lini watahitimu Juzuu Amma. Na kila mwaka nawapoteza vijana wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, waliokwisha kuhitimu msahafu, wala hakuna mzazi anayekuja kuniuliza wamekwenda wapi. Jambo hili ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kuzungumza nanyi leo.

Kiarabu kina jina kwa kila ngazi ya utoto. Radhii ni anyonyaye, fatim ni aliyeachishwa ziwa, mumayyiz ni aliyeanza kupambanua mambo, murahiq ni aliyeikaribia baleghe, kisha huja baligh. Majina haya si mapambo ya lugha. Wanazuoni wa fiqhi wamefungamanisha nayo hukumu mbalimbali, kwani linalomfaa mmoja humdhuru mwingine.

Kuhusu mchanga sitasema mengi, maana kina mama mnayajua kuliko mimi. Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na ikafanya kuachisha ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wawili. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha yaendelee pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), ameonya katika kitabu chake Tuhfatul Mawdud kwamba mtoto asiharakishwe kutembea kabla ya wakati wake, na akingwe na sauti kali za kumtisha. Mwenye kupanga chumba karibu na Mtaa wa Kongo, penye vipaza sauti vya wauza nguo tangu asubuhi, atajua ugumu wa nasaha hiyo!

Nataka tukae zaidi kwenye miaka baina ya kuachishwa ziwa na kutimiza saba. Katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya Mahmud bin Rabi' (R.A.), aliyekumbuka ukubwani kwamba Mtume (S.A.W.) alimrushia usoni maji kutoka kinywani mwake, naye akiwa na miaka mitano. Tazameni kilichobaki katika kumbukumbu ya mtoto yule: si adhabu, bali mchezo na upendo wa mtu mkubwa. Wanazuoni wa hadithi wakaitumia habari hii kuthibitisha umri ambao mtoto aweza kupokea jambo na kulihifadhi.

Nami nakiri kosa langu. Niliporudi kutoka masomoni, nikiwa na vitabu vingi na subira chache, nilimnyanyulia bakora mtoto wa miaka minne aliyeshindwa kutamka herufi dhad. Sikumpiga, lakini aliujojolea mkeka kwa hofu, na kwa muda mrefu baadaye aliponiona alijificha nyuma ya nguo za bibi yake. Dhad inawashinda hata watu wazima.

Agizo la sala limekuja kwa mtoto wa miaka saba, na adabu ya kupigwa ikatajwa kwenye kumi, tena kwa masharti ya wanazuoni kwamba isijeruhi wala isifike usoni. Baina ya umri huo na huo kuna miaka mitatu. Ukihesabu sala tano kwa siku 354 za mwaka wa Hijria, utapata sala zaidi ya 5,300. Ni nani miongoni mwetu aliyemkumbusha mwanawe kwa upole mara elfu moja tu kabla ya kushika fimbo?

Hadithi hiyo hiyo imeamuru watoto watenganishwe malazi wafikapo kumi. Wataalamu wa afya wanasema dalili za baleghe kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na 9 na 14 kwa wavulana. Basi agizo limefika mahali pake. Najua wengi wetu tumepanga chumba kimoja, korido ni ya wote na uwani ni wa wote. Lakini pazia na godoro la pili haviwashindi wote wanaosema vinawashinda. Na aya ya 58 ya Suratun Nur, inayomtaka asiyebaleghe aombe ruhusa kuingia katika nyakati tatu, haikusubiri watu wawe na nyumba kubwa.

Sasa tumfikie kijana. Abdullah bin Umar (R.A.) alikataliwa kwenda vitani Uhud akiwa na miaka 14, akakubaliwa Khandaq akiwa na 15. Lakini kubaleghe si kukomaa. Suratun Nisaa, aya ya 6, imetaka yatima ajaribiwe, na akifikia umri wa kuoa asipewe mali yake mpaka uongofu wa akili uonekane kwake. Elimu ya leo nayo inasema sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Huyu ndiye tunayemwacha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, lakini Mtaa wa Msimbazi utawaona wadogo kuliko hao wakiuza maji na kusukuma mikokoteni. Simlaumu mjane anayehitaji shilingi ya mwanawe. Namlaumu baba mwenye duka anayesema kijana kahitimu, madrasa haina tena la kumfundisha. Amehitimu kusoma, hukumu za josho, hedhi, mali na nikaha hajazisikia, na kalamu yake ya hesabu ya matendo imeshaanza kuandika.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Watoto walio chini ya miaka mitano wasiletwe kwa zaidi ya saa moja kwa siku, na saa hiyo tuwaachie tuwafundishe kwa kusikiliza na kucheza. Na waliohitimu warejeshwe siku za Jumamosi baada ya Isha, wavulana kwangu na wasichana kwa mwalimu wao wa kike. Vitabu vipo, pungufu ni mabenchi. Majina yataandikwa pale mlangoni mkitoka.

Wabillahi tawfiq.