Kuweka Nakala ya Tovuti, na Kuirudisha

(Maneno ya mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa tawi)



Mimi si mtu wa kompyuta. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia karakana, na mikono yangu yajua spana kuliko kibodi. Nimeombwa niseme kwa sababu mimi ndimi niliyekabidhiwa tovuti ya tawi letu, na mimi ndimi niliyeipoteza.

Mambo yalikuwa hivi. Ada ya mwaka ya kukodi nafasi kwenye intaneti ilichelewa. Barua ya kutukumbusha ilikwenda kwa karani aliyekwisha kustaafu. Akaunti ikafungwa, baadaye ikafutwa. Sikuogopa, maana nilikuwa na nakala mbili. Ya kwanza ilikuwa ndani ya akaunti ile ile, ikafutwa pamoja nayo. Ya pili ilikuwa katika kompyuta ya ofisi. Nilipoifungua nikakuta picha na rangi za kurasa, lakini maneno hayamo. Orodha ya waliolipa mfuko wa mazishi haimo. Juma lile lile mjane wa mwenzetu akaja kuomba haki yake, nasi tukamweka wiki tatu tukitafuta stakabadhi za karatasi. Nayasema haya kwa aibu.

Sababu yake ni kwamba tovuti kama yetu ina sehemu mbili. Moja ni mafaili: picha, fomu, na programu yenyewe, na mara nyingi yamo katika folda iitwayo public_html. Ya pili ni hifadhidata, ndilo daftari ambamo maneno yote na majina yote huandikwa. Kuchukua folda peke yake ni kuondoka na behewa tupu, shehena ikabaki stesheni.

Basi katika akaunti yetu mpya, ambayo husimamiwa kwa cPanel kama zilivyo nyingi, kuna mahali palipoandikwa Backup. Hapo tunapakua mafaili, kisha tunapakua hifadhidata peke yake. Iko pia nakala ya akaunti nzima, nayo ni nzuri kwa kuhama, lakini jihadharini: mwenye akaunti hawezi kuirudisha mwenyewe kwa cPanel, hapana budi amwombe mwenye seva. Zile za sehemu sehemu twaweza kuzirudisha sisi wenyewe.

Na kurudisha kuna hatari yake. Faili la zamani hulifuta jipya lenye jina lile lile. Kwa hiyo kabla ya kurudisha cho chote, chukueni kwanza nakala ya kilichopo, hata kama kimeharibika.

Wako waliosema kwamba uzembe huu ni wetu tu, watu wa karakana. Sivyo. Tarehe 10 Machi 2021, huko Strasbourg, Ufaransa, jengo la seva la kampuni ya OVHcloud liliungua, na mamilioni ya tovuti yakazimika. Wako wateja waliokuwa wamelipia nakala, kumbe nakala zilikuwa katika jengo lile lile. Tena tarehe 31 Januari 2017 fundi wa kampuni ya GitLab alifuta hifadhidata yao kwa makosa. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala, wala hapakuwa na hata moja iliyofanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma, ambayo fundi aliichukua kwa shughuli nyingine kabisa!

Sisi mafundi tunajua pampu ya akiba iliyokaa stoo bila mtu kuijaribu. Ndiyo maana kila mwezi nitairudisha nakala yetu mahali pa majaribio, mbali na tovuti inayosomwa, nihesabu majina ya mfuko wa mazishi, kisha nimwonyeshe Mweka Hazina.

Diski ya kwanza hii hapa mezani, itakaa kabatini ofisini. Ya pili haifai kulala nyumba moja na hii. Tena ina nambari za vitambulisho vyenu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yatubana sisi pia, basi isikae mfukoni mwa mtu wala kwa mtoto wa kucheza michezo. Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano uamue leo, kabla ya chai, nani ataishika.