Ukilima Shamba la Mwingine

Wazee, akina mama na vijana wa Uvira, Kiliba, Sange na Makobola, nanyi wa milimani ambao waume zenu wamekwenda kuchimba dhahabu Misisi na Kamituga, sikilizeni. Leo sisemi habari ya mbegu. Nasema habari ya mtu anayelima shamba lisilo lake.

Mnajua kwamba babu zenu walilimishwa pamba katika bonde la Ruzizi. Amri ya Wabelgiji ya mwaka 1917 ilimlazimisha mwanakijiji kulima siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, kwa ajili ya vita, siku zikawa 120. Aliyekataa alitozwa faini au alifungwa.

Nao wakubwa wa Shirika la Kazi la Dunia, kule Geneva, walikuwa wamekwisha kuandika Mapatano namba 29, mwaka 1930. Yalisema: watu wasilazimishwe kulima ila kwa kuzuia njaa, na chakula hicho kiwe mali yao waliokilima. Je, pamba huliwa? Ubelgiji iliyakubali mwaka 1944, na Kongo mwaka 1960, mwaka wa uhuru.

Mwaka 1958 yakaja Mapatano namba 110, ya mashamba makubwa ya miwa, pamba, kahawa na michikichi. Shamba dogo la jamaa, lisilo na vibarua wa daima, halimo. Neno kubwa ni hili: mshahara ulipwe kwa fedha, mkononi mwake aliyefanya kazi, wala si kwa kikaratasi cha kuchukulia vitu dukani. Basi mama, ukilima wewe, upokee wewe; si shemeji yako, wala si kapita eti atakufikishia.

Wala msidhani haya ni maneno ya Geneva tu. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema saa 45 kwa juma zisipitwe, na mama mzazi apewe majuma 14 ya kupumzika.

Kapita ana kitabu chake cha kuhesabu siku. Nawe uwe na chako. Usiyejua kuandika, funga fundo moja katika kamba kila jioni ya kazi. Siku ya malipo chukua kamba yako, mhesabu pamoja na kapita mbele ya watu. Siku zikipungua, msiende mmoja mmoja. Nendeni wengi kwa mkaguzi wa kazi, na kamba zenu mkononi.