Mfarishi wa Askari Aliyejeruhiwa



Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipigana Burma, katika bonde la Kabaw, na vijana wa Nyanza walikuwamo. Waliojeruhiwa, vidonda vyao vilipona. Usingizi wa wengine haukurudi. Tangu Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia, wako waliorejea vivyo hivyo.

Huko Marekani, mwaka 2003, Bibi Catherine Roberts, ambaye mwanawe alikuwa vitani Iraki, aliota kijana ameketi kitandani usiku, amekata tamaa. Kisha akamwona amejifunika mfarishi, ametulia. Novemba mwaka huo askari aliyepoteza mguu alipewa mfarishi wa kwanza. Tangu hapo wenye kujitolea wameshona zaidi ya 300,000, bila ujira.

Mfarishi hushonwaje? Juu ni vipande vya nguo vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Kisha tabaka zote tatu hupigwa uzi zisitengane. Vipande vya namna hiyo hufagiliwa mbali kila jioni chini ya cherehani za masokoni kwenu. Vikusanyeni, Mabibi. Askari mwenyewe mnamjua: ndiye yule aketiye nje usiku wa manane, na majirani husema alirudi salama.