Ilani, Si Leseni



Kwenu mnaoandamana kwa mara ya kwanza: hatuombi leseni. Tangu mageuzi ya 1997, sheria yataka waandalizi wapeleke ilani kwa mkuu wa kituo cha polisi, siku 3 hadi 14 kabla. Tubebe nakala yake.

Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 chamlinda aandamanaye kwa amani bila silaha. Arushaye jiwe ajivua ngao hiyo, na kuwapa polisi kisingizio cha kututawanya sote.

Ukikamatwa, usishindane na askari. Uliza sababu, dai wakili, mengine uyanyamazie. Kifungu cha 49 chataka ufikishwe kortini katika saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zimeisha korti imefungwa. Nambari ya wakili tuiandike mkononi, kwani simu hunyang'anywa.

Haki tusiyoijua hatuwezi kuidai.